Visu Vyenye Alama za Masikio

Jumatatu, 2 Juni

Nimefagia tena maranda ya chuma. Asubuhi ya tano mfululizo. Yanajikunja kama nywele zangu kabla ya kusukwa, yana rangi ya bluu na ya dhahabu, na yanachoma vidole. Sijali. Mume wangu ndiye aliyeyatoa kwenye chuma. Mume wangu. Naandika tena kwa kuwa hakuna anayeona: mume wangu Maduhu.

Siku ya ishirini na nne ya ndoa. Bado nahesabu.

Karakana iko nyuma ya nyumba tunayoishi, hatua arobaini kutoka mlango wa jiko. Ni ya Maduhu na kaka yake, Shija. Mashine moja kubwa ya kukereza, moja ya kutoboa, grainda ya kunolea, na vurugu. Vurugu ya ajabu! Vifaa vyote vya kukatia chuma wamevitupa kwenye madebe mawili na ndoo ya rangi isiyo na mfuniko. Leo Shija ametafuta kisu kimoja tangu chai ya asubuhi mpaka jua limefika kichwani. Shija akafoka. Maduhu akafoka. Kumbe kilikuwa mfukoni mwa koti la Shija, lililotundikwa msumarini.

Nikasema nitavipanga mimi. Shuleni nilikuwa kiranja wa maabara. Kila chupa ilikuwa na mahali pake.

Shija alinitazama kana kwamba ndama ameongea. "Shemeji, karakana si kabati la vyombo."

Maduhu akasema mwache ajaribu. Wakabishana kwa Kisukuma, harakaharaka, wakidhani sisikii kwa kelele za mashine. Nilisikia yote. Mwisho Shija akakubali. Kazi inayokuja ni shafti, mhimili unaozungusha mashine ya kusaga ya Mama Holo, mteja wao wa Migato. Ikitoka salama, kazi ya vifaa ni yangu, moja kwa moja. Nikiharibu, narudi jikoni na nisionekane tena karibu na mashine.

Naitaka kazi hii. Sikumaliza kidato cha nne ili nije kumsikiliza mume wangu kupitia ukutani.

Jumanne, 3 Juni

Mama Holo amefika kwa bodaboda. Shafti yake imekatika vipande viwili, kavifunga kwenye kiroba kama mzoga wa mbwa. Alinisalimia "Mwangaluka, mayu." Mayu, yaani mama, mimi! Na yeye ni mtu anayelingana na mama yangu. Nilitaka kumkumbatia.

Wanawake wa kwake sasa wanabeba mahindi hadi kijiji cha pili, na wakirudi wanamsema yeye. Akamgeukia Maduhu: "Wewe nimesikia umeoa juzi. Mikono yako bado ina usingizi. Usinicheleweshe." Shija alicheka mpaka akashika meza. Mimi nilijificha nyuma ya mlango.

Jioni Maduhu alinifundisha visu. Nilidhani kisu ni kisu. Hapana. Ni vipande vya mraba, virefu kama kidole, ncha moja imenolewa. Vinafungwa kwenye mashine, chuma kinazunguka, kisu kinakinyoa. Shija ndiye anayevinoa, kila kimoja kwa kazi yake. Vipo vya kukatia chuma kigumu, vya chuma laini, vya shaba. Jumla thelathini na moja. Ninavyoviona mimi vyote vinafanana.

Alisema pia kitu kuhusu rangi. Lakini wakati huo alikuwa ameshika mkono wangu.

Kesho anakwenda Mwanza kutafuta chuma cha shafti. Siku nzima bila yeye. Ya kwanza tangu tuoane.

Jumatano, 4 Juni

Ameondoka kabla ya jua. Shija kaitwa kurekebisha mashine ya pamba, atashinda huko. Karakana nzima yangu!

Nimefanya jambo kubwa. Nimemwaga madebe yote mawili na ile ndoo. Vyote vilikuwa vimeganda grisi nyeusi kama lami. Nimeviosha. Maji ya kisima, sabuni ya unga, stili waya. Kimoja kimoja, kama ninavyoosha sufuria za jikoni. Visu thelathini na moja, biti za kutobolea, na tepu za kuchonga nyuzi za nati. Visu vingine vilikuwa na mabaka ya rangi mgongoni. Hayo nayo nimeyasugua mpaka yametoka.

Nimevianika kwenye kichanja cha vyombo, katikati ya vikombe na sahani. Vilimeta! Jirani alipita, akauliza kama tumeanza kula vyuma.

Jua lilipoanza kushuka nilivifunga kwenye khanga ambayo ilikuwa bado na unyevu kidogo, nikavipanga kwenye ndoo safi na kufunika ili vumbi lisiingie. Sitamwambia. Kesho nitafunua mfuniko mbele yake. Nataka kuuona uso wake.

Karudi saa kumi na mbili na chuma begani na sato wawili wamefungwa kwenye gazeti. Alinukia basi na samaki. Nilimnusa mpaka akacheka.

Alhamisi, 5 Juni

Kutu.

Nimefunua mfuniko mbele yake na ndani kuna kutu. Visu vyote vyekundu. Khanga yenyewe ina michirizi kama ya damu. Maji ya kisima chetu yana chumvi, kila mtu wa Bariadi anajua, mimi nayatia kwenye chai kila siku, na sikufikiri.

Uso wake nimeuona. Sitaki kuandika ulivyokuwa.

Ijumaa, 6 Juni

Nilidhani atanirudisha kwa baba. Kweli nilidhani hivyo, usiku mzima.

Asubuhi alivuta kigoda, akaweka sinia la oili katikati yetu, akanipa kipande cha msasa. Tukakaa tunasugua, magoti yakigusana. Kutu ilikuwa ya juu tu, haikula ndani. Baadaye akaanza kutetemeka mabega. Nikafikiri analia. Alikuwa anacheka. "Kwenye kichanja! Na vikombe!" Nikalia mimi. Akanifuta machozi kwa mkono wenye oili, nikapakwa uso mzima. Nampenda mtu huyu mpaka naona aibu.

Shija hakucheka. Alichukua kisu kimoja, akakigeuza mgongo, akakitazama muda mrefu. Akauliza rangi ziko wapi.

Ndipo nilipoelewa. Yale mabaka hayakuwa uchafu. Nyekundu ilikuwa chuma kigumu, bluu chuma laini, nyeupe shaba. Shija alizipaka mwenyewe, kwa miaka, kila aliponoa. Tofauti ya vile vya chuma kigumu na vya chuma laini ni mteremko mdogo kwenye ncha. Ukiwa na haraka huuoni.

"Nilisema," alisema Shija. Neno moja tu, na akatoka nje.

Maduhu kavitenganisha kwa macho, polepole, kimoja kimoja kwenye mwanga wa dirisha. Mafungu matatu. Kasema ana uhakika. Mimi nikashusha pumzi.

Jumamosi, 7 Juni

Ubao umekamilika! Gogo la mninga, Maduhu kanitobolea matundu thelathini na moja kwa mashine, safu tatu. Kila kisu kinasimama ndani ya tundu lake, ncha juu. Nimekata ile khanga yenye kutu kuwa vitambaa vya oili. Biti nimezipanga kwa namba zilizogongwa kwenye vitako vyake. Tepu kwenye kopo lake. Ni pazuri. Ningekuwa na picha ya ukutani ningetaka iwe hii.

Sasa niandike na hili, kwa sababu humu sidanganyi.

Nilipokuwa napachika visu kutoka kwenye mafungu, kimoja kiliniponyoka kikabingirika chini ya mashine. Nilikiokota. Sikukumbuka kilitoka fungu la pili au la tatu. Nilikitazama ncha. Sikuona kitu. Nikakipachika kwenye safu ya chuma kigumu, kwa sababu tundu la karibu lilikuwa hapo.

Maduhu alikuwa anapiga mluzi pale pale, hatua mbili. Ningeweza kumwuliza. Nimeshawaharibia mara moja wiki hii. Sikutaka kuonekana mjinga mara ya pili.

Labda nimepatia.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani. Gauni la kitenge, lile la kijani. Maduhu amefunga tai na hajui kuifunga. Watu wanatutazama. Nyumbani ugali na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, kwa karanga; amekula sahani mbili.

Furaha yote hii na bado kuna kitu kimoja nakiwaza. Kisu kile.

Kesho wanaanza shafti.

Jumatatu, 9 Juni

Nimeharibu.

Shija alikuwa kwenye mashine. Maduhu amesimama pembeni yake kuangalia kipimo, miwani ya kazi kaipandisha kwenye paji la uso kwa sababu ilikuwa na ukungu. Kazi ilikuwa inakwenda vizuri tangu asubuhi. Mahali shafti inapovaa beringi, penye kutaka usahihi, Shija akabadilisha kisu. Nilimpa mimi. Safu ya tatu, ya chuma kigumu. Mkono wangu ulijua ni kipi na nikampa hivyo hivyo.

Mlio kama mfupa. Ncha ya kisu ilivunjika, ikachimba shafti, kipande kikaruka. Maduhu akashika uso. Damu kati ya vidole.

Sijui nilipiga kelele gani. Shija alizima mashine na kumbeba hadi barabarani, tukapanda bajaji. Hospitali wameshona juu ya nyusi. Jicho ni zima. Daktari kasema hivyo mara tatu kwa sababu niliuliza mara tatu. Limevimba tu, limefungwa bandeji, atakaa nayo siku kadhaa.

Shafti imechimbika mahali pa beringi. Haifai. Inabidi kwenda Mwanza tena kutafuta chuma kingine.

Shija alituleta hadi mlangoni. Hakufoka. "Shemeji, sina ugomvi na wewe. Lakini kesho usije karakanani." Akaongeza, kwa upole kabisa, "Wala keshokutwa."

Ni haki yake. Naandika hivyo kisha nalia.

Jumanne, 10 Juni

Nimekaa jikoni. Nasikia ukimya wa mashine kupitia ukutani.

Baba alipiga simu kutoka Kimali. Hajui lolote kuhusu jicho, nami sikumwambia. Alikuwa na habari njema: mmoja wa ng'ombe aliowaleta Maduhu kwa ajili yangu amezaa. Ndama jike. "Mama yako anasema tumwite kwa jina lako, ana kelele kama wewe. Nimeshamkata sikio leo asubuhi."

Alama ya kwetu ni mikato miwili sikio la kulia. Nilikua nikiishika. Ndama wetu walipochanganyika na wa jirani kwenye birika la maji, jioni, vumbi tele, hakuna aliyebishana. Unapapasa sikio, unajua ni wa nani. Mvua haiifuti. Matope hayaifichi.

Nilibaki na simu mkononi baba akiwa ameshakata. Nilikuwa nafikiria migongo ya visu.

Lakini kwanza lile jingine. Nilimsubiri Maduhu akae mezani, nikamwambia yote. Kisu kilichobingirika, tundu la karibu, mdomo wangu uliofungwa.

Alimaliza ugali. Akanawa. Akauliza, "Jumamosi ulijua?"

Nikasema nilihisi.

"Ungeniambia, ningekijaribu dakika moja."

Hakupandisha sauti. Bora angepandisha. Nilimwomba amwambie Shija, akakataa. "Mwambie mwenyewe. Mimi sitakusemea." Halafu akaja akakaa karibu, akainua uso ili nimbadilishie bandeji, na jicho zima likanitazama muda wote. Nilipomaliza alinishika mikono.

Jumatano, 11 Juni

Nimemwahi Shija stendi, ameshaketi kwenye basi la Mwanza, nikapanda kabla halijaondoka. Nilimpelekea kontena la michembe ya moto, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, maana nilijua hajala. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Yote yalipotea. Nikasema tu: kile kisu mimi nilikiweka mahali ambapo sikuwa na uhakika napo, nilijua sina uhakika, na nilinyamaza.

Alitafuna. Konda alikuwa anaita abiria. Shija akatafuna tu.

"Nilidhani mdogo wangu ndiye aliyekosea," alisema mwishoni. "Jana nimemwambia jicho lake hata likiwa zima halioni kitu."

Sikujua hilo. Maduhu alilimeza bila kuniambia. Nilitaka ardhi inimeze na mimi.

Nikamweleza habari ya masikio, harakaharaka, kwa sababu dereva alikuwa ameshawasha gari. Rangi inatoka. Mkato hautoki. Tukichonga mikato kwenye kitako cha kila kisu, upande usionolewa, kidole kitasoma hata kukiwa na grisi.

"Mikato kama ya ng'ombe?"

"Kama ya ng'ombe."

Akatazama nje ya dirisha. "Baba yetu alikuwa anakata mmoja kulia, mmoja kushoto," alisema. Kisha akanirudishia kontena tupu. "Umezidisha chumvi kwenye karanga."

Nikashuka, basi likaondoka. Sijui hilo lilikuwa jibu gani.

Alhamisi, 12 Juni

Hakuna kitu. Shija karudi jioni na chuma. Alipita mbele ya mlango wetu na hakusimama.

Uvimbe wa Maduhu umepungua. Anaona mwanga. Nimembusu kope.

Ijumaa, 13 Juni

Saa mbili asubuhi Shija aligonga mlango wa jiko. "Shemeji, vaa viatu vya kufunika vidole."

Nilivaa viatu vya Maduhu. Nilikimbia hatua arobaini nikiburuta miguu kama bata.

Ilikuwa hivi. Shija alifunga kwenye mashine vipande chakavu kwa zamu, chuma kigumu, chuma laini na shaba, akajaribu kisu kimoja kimoja, vyote vilivyobaki, thelathini. Nilitazama maranda yanavyotoka na sasa najua. Kisu cha chuma laini, kikiwa nyumbani kwake, kinatoa uzi mrefu usiokatika. Kwenye chuma kigumu yanatoka mafupi ya bluu. Shaba inaruka kama pumba za mtama. Kisu kilicho mahali pasipo pake kinalia. Hata mimi nimekisikia kinavyolia.

Kila kisu alipokwisha kukijaribu, Shija alisema namba tu, nami nikakichonga hapo hapo kwenye grainda kabla hakijagusa meza. Mkato mmoja shaba. Miwili chuma laini. Mitatu chuma kigumu. Vya kwanza vilinitisha, cheche zinaruka mpaka kwenye nywele. Maduhu akasimama nyuma yangu, bandeji jichoni, miwani juu ya bandeji, mikono yake juu ya mikono yangu. Nilihisi moyo wake mgongoni. Kisu cha nne, cha tano, cha sita. Nilishajua, ila sikumwambia aondoke.

"Nyinyi wawili," Shija alisema bila kugeuka, "hiyo ni grainda, si ukumbi wa harusi."

Kulikuwa na viwili vilivyokuwa kwenye safu isiyo yao; pamoja na kile kilichovunjika, vitatu. Vitatu! Kimoja tu ndicho kilichobingirika. Viwili vilivyobaki Maduhu alivikosea kwa macho. Tulitazamana wote. Shija alimpiga mdogo wake begani, si kwa nguvu.

Matundu thelathini yana visu. Moja liko wazi. Sikuliziba.

Jumatatu, 16 Juni

Shafti ya pili.

Nilisimama kushoto kwa Shija, ubao mbele yangu. Sikula asubuhi. Maduhu kwenye kipimo, miwani imeshuka mahali pake, nilimshushia mwenyewe.

Shija alitoa mkono nyuma, macho kwenye chuma. "Mitatu."

Nikampa. Kabla hajakifunga, kidole gumba chake kikapita kwenye kitako. Kikasimama. Kikapita tena. Kisha akakifunga na kuendelea.

Mahali pa beringi napo akatoa mkono hivyo hivyo. Nikampa. Kidole kikapita. Maranda yakaanza kutoka, mafupi, ya bluu, yakilia kama mvua kwenye bati, mlio mzuri.

Siku nzima hakuna aliyetafuta kitu. Siku nzima! Hakuna aliyefoka. Saa tisa shafti ilikuwa juu ya meza, inang'aa, na beringi iliingia kwa mkono, taratibu.

Nilisubiri Shija aseme. Alivua koti lake la kazi, akanawa mikono kwa petroli, akaenda zake.

Jumatano, 18 Juni

Mama Holo amechukua shafti yake. Aliitazama pande zote kama anachagua kuku. Akamtazama Maduhu na nyuzi zake juu ya jicho. "Mke ameanza kukupiga mapema." Maduhu akasema ndiyo, na ana mkono mzito. Mama Holo akashukuru, wabeja, akaifunga kwenye bodaboda kwa mpira, akaikalia.

Jioni kapiga simu. Mashine inasaga. Wanawake wamejipanga foleni mpaka barabarani. Kasema mikono imeamka.

Shija bado hajasema. Naenda kila asubuhi, nafagia, napaka visu oili, nahesabu. Thelathini. Hanifukuzi. Hanikaribishi. Maduhu anasema nimwache, Shija ni mtu wa kuchelewa kusema, hata kuoa alichelewa. Nataka kujua. Sipendi kusimama mlangoni mwa kitu.

Jumamosi, 21 Juni

Wametoa nyuzi jana. Kovu ni dogo, linakata nyusi sehemu mbili. Maduhu anasema sasa na yeye ana alama. Nililibusu, akasema linawasha.

Leo wamefunga mapema. Maduhu kaenda kunyoa. Nilibaki karakanani peke yangu na kitambaa changu. Kimya. Malori ya pamba yanapita mbali barabarani.

Nilianza safu ya kwanza. Nafuta, nahesabu, narudisha. Safu ya pili. Safu ya tatu, mwishoni, kwenye lile tundu lililokuwa wazi, kuna kisu.

Nilikitoa. Kifupi kuliko vyote, kama nusu ya kidole. Nilikijua kwa doa la kutu upande mmoja ambalo msasa haukulimaliza. Ni kile kilichovunjika. Ncha imenolewa upya, na hapa anayenoa ni Shija; mteremko mdogo, ule wa chuma kigumu. Sasa nauona.

Kwenye kitako kuna mikato mitatu. Si yangu. Yangu imenyooka. Katika hii, wa katikati umekwenda upande, mkono wa mtu ambaye hajazoea kazi hiyo.

Nilikaa nacho kwenye kigoda muda kidogo, napapasa.

Kisha nikakipaka oili, nikakirudisha.

Thelathini na moja.